Damu ya Mwongeli

Siku mume wangu Mulinge alipolilia uji, nilidhani ameungua ulimi. Nikamletea maji. Akayasukuma kando, akaendelea kulia, machozi yakimdondokea kikombeni, na nilipomwuliza uji una shida gani akasema hauna shida, ni mtamu. Akazidi kulia. Nilisimama hapo na mwiko mkononi nikijiuliza ni mtu gani huyu niliyerudi naye kutoka India.

Kwa sababu Mulinge niliyeondoka naye hakuwa mtu wa machozi. Alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la mifugo hapa Mwingi, na dalali akiwa na uso unaosema ukweli atalala njaa. Wafanyabiashara wanaoshuka kutoka upande wa Garissa hupatana bei kwa vidole. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakabonyezana vidole mpaka waelewane, na waliowazunguka wakabaki kukodoa macho tu. Kazi hiyo Mulinge alifundishwa na Muktar, mshirika wake wa miaka mingi, mpaka Muktar mwenyewe akawa anasema Mkamba huyu amemzidi. Mkono unaongea huko chini, uso umenyamaza huku juu. Basi uso huo alikuja nao mpaka nyumbani. Nilipojifungua Yvonne, alimtazama mtoto akasema ni sawa. Mama yake alipofariki, alisema wageni wapewe chai. Mimi ni mtu wa mdomo, mambo yangu yote yako nje kama nguo kwenye kamba, kwa hiyo mmoja alikuwa akiongea na mwingine akinyamaza, na nyumba ikaenda.

Kisha ikaja saratani ya damu. Madaktari walisema dawa peke yake hazitatosha. Alihitaji kupandikizwa seli za uboho, ule ute ulio ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na seli zenyewe zitoke kwa ndugu anayelingana naye. Kwao walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, Mwongeli, anayelima ndengu na kufuga mbuzi kule Nuu. Mwongeli akapimwa, akalingana. Kanisa likachanga, soko likachanga, na sisi watatu tukapanda ndege. Huko India walimdunga Mwongeli sindano za kuzidisha seli mpaka mifupa ikawa inamuuma hata akikaa. Kisha wakamlaza kando ya mashine, damu ikatoka mkono huu ikarudi kwa mkono ule, na alipomaliza aliuliza tu kama kuna mahali mtu anaweza kupata ugali.

Seli ziliposhika, daktari alikuja dirishani pa chumba cha Mulinge akicheka. Akamwambia kwamba kuanzia sasa damu yake ni ya dada yake kabisa kabisa, hata ikipimwa maabara itaonekana ni ya mwanamke, na polisi wakiokota tone lake mahali wataenda kumtafuta mama fulani. Tulicheka sote. Mulinge naye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuna aliyejua kwamba mzaha huo tungeupakia kwenye mizigo tukaja nao Mwingi.

Tulirudi na sheria nyingi. Avae maski. Asishikane mikono na mtu. Asile kitu kibichi. Asikae penye watu wengi. Na zaidi ya yote, asikaribie mifugo wala vumbi la mavi yao mpaka daktari aseme. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na daktari wa India. Mwambie dalali asishike mkono wa mtu na asiingie sokoni, halafu umwambie ashukuru kwamba amepona. Nilipomwangalia Mulinge akiwa ameketi kwenye veranda na mikono yake imelala mapajani haina kazi, niliona huruma mpaka nikatafuta kitu cha kugombana naye.

Baada ya ule uji yakaja mengine. Alilia matangazo ya vifo yakisomwa redioni, ya watu asiowajua. Alilia Yvonne alipopiga simu kutoka shule ya bweni kuomba sabuni. Halafu siku nyingine akatupa chupa ya chai ukutani kwa sababu nimeiweka upande wa kushoto, na kabla sijafungua mdomo kumwambia yanayomstahili, akaanza kuokota vigae akiomba msamaha, nikalazimika kumpokonya asije akajikata. Siku tatu akalala akiangalia ukuta. Ya nne akaamka anaimba. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumuuguza mgonjwa. Sikuwa nimejiandaa kumuuguza mtu ambaye vipimo vyote vinasema ni mzima, na nasema wazi, kuna siku nilimkasirikia kuliko nilivyoikasirikia saratani.

Wazee wa kanisa wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Niliwapanga uani kwenye viti vya plastiki, mbali mbali, kila mtu na maski yake, wakaimba mapambio mawili, kisha wakamwomba Mulinge atoe ushuhuda. Akasimama. Akasema, "Nawashukuru." Akafungua mdomo aendelee, na badala ya maneno yakatoka machozi, mabega yakamtetemeka, akaketi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema Roho Mtakatifu ameshuka katika boma hili. Kama alishuka, basi alishuka na kamasi, maana nilifua leso tatu.

Baada ya hapo akawa kama mtu aliyefungiwa. Asubuhi moja nikiwa jikoni akavaa maski, akatoka bila kuniaga, akaenda sokoni. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya ua wa soko, akashika waya, akaangalia. Haya alinisimulia Muktar jioni ile, akiwa amesimama nje ya lango kwa heshima ya zile sheria. Muktar alikuwa na fahali wawili, na mnunuzi akafika, wakatupia shuka mikono yao wakaanza kupatana. Akiwa katikati ya bei akainua macho, akamwona Mulinge kwenye waya, machozi yamelowesha maski yote. Bei ikampotea Muktar. Akautoa mkono wake.

Sokoni kuna dalali mwingine anaitwa Ndululu, ambaye Mulinge amemnyang'anya wateja tangu wote wawili walipokuwa vijana. Ndululu alipoona watu wamegeuka kuangalia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hawana haja ya kushangaa. Si mtu alipewa damu ya mwanamke? Huyo anayelia pale si Mulinge, ni Mwongeli. Watu wakacheka. Muktar alimfokea, akamwambia maneno ambayo hakutaka kunirudia mimi kwa sababu ni mama wa watu, lakini kicheko kikishatoka hakirudi. Mulinge alikuwa ameshasikia.

Alifika nyumbani akanawa mikono muda mrefu sana. Kisha akanijia jikoni akasimama mlangoni.

"Daktari alisema nini?" akaniuliza. "Si ulikuwa hapo?"

Nikamwambia daktari alikuwa anatania.

"Alisema damu ni ya mwanamke. Hakusema inafanana, alisema ni yake. Sasa nimejua. Kumbe hizi machozi si zangu." Akavuta pumzi. "Mwongeli asikanyage hapa, Mama Yvonne. Nikimwona nitakuwa naona kitu kiko ndani yangu."

Nikamwambia hata mimi damu yangu ni ya mwanamke tangu kuzaliwa, na sijawahi kulilia uji. Hakucheka. Alikuwa amepata jibu, na mtu aliyekaa miezi bila jibu akilipata moja, hata likiwa la kijinga, hawezi kuliachia. Na nikiri kwamba jibu lenyewe lilikuwa na miguu ya kusimamia. Daktari alisema. Vipimo vilisema. Kundi lake la damu lilikuwa limebadilika kweli, limeandikwa kwenye kadi. Kama damu ya Mwongeli imeweza kuua saratani, nani atasema haiwezi kuleta machozi?

Kwa hiyo ikawa kazi yangu kumdanganya wifi yangu. Mwongeli hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Nikamwambia Mulinge amelala. Jumapili iliyofuata nikamwambia daktari amekataza wageni kwa muda. Akatuma asali ya Nuu kwa mtu wa bodaboda, asali nzito, nyeusi, ya kwenye mzinga wake mwenyewe. Kwa kweli asali mbichi Mulinge hakuruhusiwa, na hilo lingetosha, lakini alipoona chupa tu aliniambia niitoe ndani ya nyumba kabisa. Nikampa jirani. Usiku wa siku hiyo sikulala vizuri. Wale ni watoto wawili waliobaki wa mama mmoja. Mwanamke alijitolea mifupa yake, na sasa anafungiwa lango kwa sababu ameitoa. Niliona wazi kwamba jambo hili likikomaa hakuna tambiko wala maombi ya kulirudisha, na Mulinge atakuwa amepona saratani akampoteza dada.

Nikampigia nesi wa kliniki yetu ya Nairobi, mama mpole ambaye hufuatilia wagonjwa waliopandikizwa. Nikamweleza yote, pamoja na Ndululu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema damu haibebi tabia ya mtu, iwe ya mwanamke au ya mwanamume, na kwamba hali kama ya Mulinge huwapata wengi wakishafika nyumbani. Moja ya dawa anazokunywa huvuruga hisia. Kukaa peke yake chumbani wiki nyingi nako huvuruga. Na mtu akiwa vitani halilii chochote, hulia vita vikiisha. Akasema atamwomba daktari aangalie zile dawa, na akatupa namba ya mshauri anayeongea na wagonjwa kwa simu.

Nikampelekea Mulinge habari hizo zikiwa bado moto. Akasema manesi wamefundishwa kusema hivyo. Kuhusu mshauri, akaniuliza kama ninataka ampigie mtu asiyemjua amwambie kwamba yeye, dalali wa Mwingi, amegeuka mwanamke. Nikaiweka ile namba kwenye simu yangu nikaenda kupika kwa hasira. Siku hiyo hata maharagwe yaliiva haraka.

Maneno ya sokoni hayalipi nauli, yanafika kokote. Ndululu alikwenda Nuu kununua mbuzi, na huko akauza kile kichekesho bure kwa kila aliyetaka. Kikamfikia mwenyewe.

Mwongeli alifika saa nne asubuhi. Nilisikia pikipiki langoni, nikachungulia, nikamwona anashuka, anamwambia kijana wa pikipiki amsubiri. Alikuwa amevaa maski mpya. Alienda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama tulivyofundishwa India, akaikung'uta ikakauka. Mulinge alikuwa kwenye veranda na hakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa kunipita mimi mlangoni, na mimi sikusogea.

Mwongeli akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbali naye, akaketi.

"Nimesikia kule Nuu ati nimekuharibu," akasema. "Nimekuja unielezee. Nataka kwa mdomo wako, si kwa Ndululu."

Nilianza kusema habari ya chai. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa upole. "Kaa, wifi. Wewe umedanganya ya kutosha, pumzika."

Nikakaa. Mulinge alikuwa anaangalia sakafu. Nilidhani atanyamaza mpaka pikipiki iondoke, maana kunyamaza ndiko alikosomea. Lakini yule Mulinge wa kunyamaza hatukurudi naye.

"Nalia, Mwongeli," akasema. "Kila saa. Nikiona mtoto nalia, nikiona kuku nalia. Mimi sijui kulia hivi. Daktari alisema hii damu ni yako."

"Ni yangu."

"Basi na machozi ni zako."

Mwongeli hakukasirika. Alilifikiria jambo lile kwa uzito, kama vile mtu amemwambia mbuzi wake ameingia shamba la jirani na yeye anajaribu kukumbuka kama alifunga zizi.

"Uliniona nikilia lini?" akauliza.

Mulinge akainua macho kutoka sakafuni.

"Wewe nimekubeba mgongoni. Umenijua tangu upate macho. Sema siku moja."

Nami nilikuwa natafuta, kwa upande wangu, na sikupata. Siku ya mazishi ya mumewe, Mwongeli ndiye aliyewaambia vijana kaburi ni fupi waongeze. Siku ya mazishi ya mama yao alikuwa nyuma ya nyumba anahesabu sufuria za watu zisipotee. Watu wa Nuu walishamsema mpaka wakachoka, wakasema moyo wake ni jiwe la kusagia. Hata kule India, mifupa ilipokuwa inamuuma mpaka anatembea ameinama, alikuwa akisema tu, "Inauma," kama mtu anayesema kuna jua.

"Mimi silii," akasema Mwongeli. "Si ati nakataa. Nimengojea ije, haiji. Mume wangu alikufa nikangojea mwaka mzima. Kama hiyo kitu inatoka kwa damu, ungekuwa umekauka kama mimi. Huwezi kuwa umeitoa kwangu, Mulinge. Mimi sina."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, kicheko kilinitoka puani. Mulinge akanitazama, akamtazama dada yake, na kwa muda mfupi nikadhani naye atacheka. Badala yake uso ukamvunjika.

"Sasa ni za nani?"

"Ni zako," akasema Mwongeli. "Unalilia nini?"

Swali dogo hivyo. Kanisa lilikuwa na jibu, soko lilikuwa na jibu, na mimi nilikuwa na namba ya simu. Kumwuliza kwa namna hiyo, halafu mtu akaketi akangoja asikie, hakuna aliyekuwa amefanya.

"Mbaluka," akasema Mulinge.

Mbaluka alikuwa mwalimu kutoka Kiboko, kule Makueni. Tulimkuta katika hospitali ile ile, amelazwa chumba kilichopakana na cha Mulinge, anangoja seli za kaka yake. Wote wawili walikuwa wamefungiwa, hakuna kutoka, hakuna kuingia, kwa hiyo hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Walikuwa wakipigiana simu, ukuta mmoja katikati yao, wakaongea Kikamba mpaka manesi wakawa wanawatania kwamba wameoana. Kisha Mbaluka akapata maambukizi. Mkewe, ambaye alikuwa akipika nasi jiko moja katika nyumba tuliyopanga, alirudi Kenya na mumewe ndani ya sanduku. Nilipompa Mulinge habari ile kupitia dirisha, alisema pole, akageukia ukuta. Nikaona ameipokea vizuri.

"Alinipigia asubuhi hiyo," Mulinge akasema. "Meno inagongana. Akaniuliza, wewe pia unasikia baridi? Nikamwambia hapana. Akasema, basi uko sawa. Hivyo tu. Halafu usiku nikasikia wanakuja mbio. Nikasikia magurudumu ya kitanda. Nilijua ni mmoja wetu wanakujia, na nikasikia yakifika mlango yangu, yakapita."

Akafuta uso kwa kiganja. Mwongeli hakumsaidia.

"Nikasema asante," Mulinge akasema. "Unaelewa? Walikuwa wanamtoa, na mimi niko kwa kitanda nasema, asante Mungu, wamepita. Nilifurahi, Mwongeli. Sasa watu wanakuja hapa wanakaa kwa viti wananiambia, Mulinge, shukuru Mungu. Na mimi nilishamshukuru. Nilimshukuru siku hiyo, kwa hiyo kitu."

Nilikuwa nimelala kando ya mtu huyu miezi yote hiyo, nikimfulia leso, na alikuwa amebeba jambo lile peke yake kama mzigo wa wizi. Nilitamani kumshika. Nilitamani pia kumpiga kofi kwa kuninyima.

Mwongeli akashusha maski yake kidogo avute hewa, akaipandisha tena.

"Hata mimi nilisema," akasema. "Wifi hapa aliponiambia Mbaluka ameenda, nilisema asante si wetu. Nilisema hapo hapo, kwa roho. Halafu nikaingia kwa chumba nikamshika mama ya watu, nikamwambia pole, na hiyo pole ilikuwa ya kweli. Mimi sijaona moja ikiharibu ingine."

Mulinge akalia. Lakini safari hii hakugeuka wala hakujifunika. Alilia akimwangalia dada yake, naye akamwangalia hivyo hivyo, macho makavu, hakumwambia nyamaza, hakumwambia ni Roho, hakumwambia chochote. Kuku wakapita katikati yao wakatafuta punje. Kijana wa pikipiki akapiga honi langoni, nikamtolea jicho akaacha.

Alipotulia alitoa simu mfukoni, akaigeuza geuza. Akasema mke wa Mbaluka amekuwa akipiga, tangu turudi. Hakuwahi kuishika. Mimi nilikuwa nimeona simu ikiita na yeye akiigeuza kifudifudi, nikadhani ni wale watu wa matangazo.

"Nitamwambia nini?" akauliza. "Yeye atasikia niko hai. Hiyo peke yake ni matusi."

"Hajakuuliza utamwambia nini," Mwongeli akasema. "Amepiga tu." Akainuka, akachukua mkoba wake. Alikuwa amekuja kuuliza, ameambiwa, na kwake kazi ilikuwa imeisha. "Mimi wacha niende, mbuzi wako peke yao."

Mulinge alikuwa ameshabonyeza namba. Simu ikawa inaita, ameishika kwa mikono miwili, sauti imefunguliwa tunasikia sote. Akamwangalia dada yake, akatikisa kichwa. Kwa kidevu akamwonyesha kiti, na kwa kidevu hicho hicho akanionyesha mimi jiko. Nilielewa. Nilikwenda langoni nikamwambia kijana wa pikipiki aende zake, Mwongeli anakula hapa. Niliporudi wifi yangu alikuwa ameketi, mkoba miguuni.

"Haloo?" ikasema sauti ya mwanamke. "Baba Yvonne? Ni wewe?"

Mulinge akajaribu kumwamkua. Salamu ikakwama, machozi yakaipita. Aliisogeza simu mbali na uso, nikajua anataka kukata, kisha akairudisha.

"Unalia?" mwanamke akauliza.

"Ndiyo," Mulinge akasema. "Namlilia Mbaluka."

Kule Kiboko tukasikia lori likipita kwenye barabara kuu, refu, mpaka likaisha.

"Asante," mke wa Mbaluka akasema. "Hapa kwetu wameniambia niache sasa, imetosha. Nilidhani nimebaki peke yangu."